Ngozi ya Chini na Sauti ya Dramu

Dramu zinazotumiwa na bendi za muziki wa dansi, za makanisa na za shule huwa kwa kawaida na ngozi mbili. Ngozi ya juu hupigwa kwa mikwiro, na inapochoka au kutoboka hubadilishwa. Ngozi ya chini haipigwi, na kwa sababu hiyo watu wengi huiona kuwa ni kifuniko tu. Si ajabu basi kukuta katika stoo ya shule dramu ambayo imekwisha kuwekewa ngozi mpya ya juu mara tatu au nne, hali ile ya chini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, imelegea na kufanya makunyanzi. Fedha hutumika, lakini sauti hubaki kuwa ya debe. Tukitaka kujua kwa nini, yatupasa kuitazama dramu kwa macho ya fizikia.

Tuanze na ngozi moja. Utando wa mviringo uliokazwa pembeni hutetemeka kwa kadiri ya upana wake, mkazo wake, na tungamo lake kwa kila mita ya mraba. Mkazo ukiongezwa mara nne, idadi ya mitetemo kwa sekunde huongezeka mara mbili. Tungamo likiongezwa mara nne, idadi hiyo hupungua kwa nusu. Pamoja na mtetemo wa msingi, ambao ngozi nzima hupanda na kushuka kwa pamoja, kuna mitetemo mingine ya juu zaidi. Katika uzi wa gitaa mitetemo hiyo ni mara 2, mara 3 na mara 4 ya ule wa msingi. Katika utando wa mviringo ni takriban mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30. Namba hizi hazipatani kwa urahisi, na ndiyo maana sikio hutambua noti ya gitaa mara moja, lakini husitasita mbele ya ngoma.

Sasa tuongeze ngozi ya pili. Ngoma za Buganda nazo huwa na ngozi mbili, lakini ile ya chini kazi yake kubwa ni kushikilia kamba zinazoikaza ile ya juu. Katika dramu za bendi mambo ni tofauti, kwani kila ngozi ina pete yake na skrubu zake, na huweza kukazwa peke yake. Kinachoziunganisha ni hewa iliyomo ndani. Mkwiro unapoishukia ngozi ya juu, hewa husukumwa, nayo huisukuma ngozi ya chini. Ngozi ya chini huitikia, kisha huirudishia ya juu sehemu ya nishati iliyopokea. Kwa hiyo jina linaloifaa ni ngozi ya kuitikia, kwa maana ileile ya waitikiaji katika wimbo.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa pendulo mbili zenye urefu sawa, zilizoning'inizwa kwenye uzi mmoja uliotandwa kati ya viti viwili. Akiivuta moja na kuiachia, baada ya muda ile ya pili huanza kubembea na ya kwanza hutulia. Kisha mambo hugeuka. Pendulo moja ikifupishwa sana, mapokezano hayo karibu hutoweka. Ngozi mbili za dramu hufuata kanuni hiyohiyo. Zikiwa na sauti moja, mtetemo wa msingi hugawanyika kuwa miwili. Katika wa kwanza, ngozi zote mbili huelekea upande mmoja, na hewa huchukuliwa tu bila kubanwa. Katika wa pili, ngozi hukaribiana na kuachana. Hewa hubanwa na kufanya kazi kama springi, hivyo mtetemo huu huwa wa juu zaidi. Ule wa kwanza una tabia moja ya kuvutia: ngozi moja inapoisukuma hewa ya nje, nyingine huivuta, na sehemu ya sauti huuana yenyewe. Nishati hutoka polepole, na dramu hulia kwa muda mrefu. Sauti za ngozi zikiachanishwa mbali, mlio hufupika.

Uchaguzi wa ngozi ya chini wategemea haya. Kwa kuwa haipigwi, haihitaji unene wa kuhimili mikwiro. Inahitaji wepesi wa kuitikia. Ngozi nyingi za siku hizi ni za plastiki ya poliesta, zilizoenea tangu miaka ya 1950 (kampuni ya Remo ya Marekani ilianzishwa mwaka 1957), na jina la ngozi limebaki kwa mazoea. Faida yake kubwa katika pwani yetu ni kwamba hazinywi unyevu wakati wa masika kama ngozi ya mbuzi. Kwa dramu za kati, ngozi ya kuitikia yenye tabaka moja na unene wa milimita 0.18 hadi 0.25 hufaa. Ngozi ya milimita 0.18, ikikazwa sawa na ya milimita 0.25, hutoa mitetemo mingi zaidi kwa takriban asilimia 18. Wanafunzi wanaweza kulihakikisha hilo kwa kipeuo cha pili. Ngozi ya tabaka mbili haifai kuwekwa chini, kwani msuguano kati ya tabaka hula nishati ileile tunayotaka irudi juu.

Dramu ndogo yenye nyaya chini yake yataka uangalifu zaidi. Nyaya hizo hulia kwa kurushwa na ngozi ya chini, nayo hutengenezwa kwa unene wa milimita 0.05 hadi 0.08 tu. Fundi akiweka hapo ngozi nene kwa kudhani itadumu zaidi, nyaya zitanyamaza kila dramu inapopigwa taratibu. Mara nyingi hulaumiwa nyaya! Ama katika dramu kubwa ya mguu, ngozi ya mbele hutobolewa kwa makusudi ili hewa itoke na kishindo kiwe kifupi.

Hata ngozi bora haifai kitu isipokazwa sawasawa. Ngozi ya poliesta ya kipenyo cha sentimita 30 na unene wa milimita 0.25, ili itetemeke mara 150 kwa sekunde, huhitaji mkazo ambao, ukigawanywa kwa skrubu 6, kila moja hubeba kani kama ya mzigo wa kilo 20, bila kuhesabu uzito wa hewa. Skrubu moja ikilegea, mtetemo unaoigawa ngozi katika nusu mbili huwa na sauti mbili zinazokaribiana. Zikiwa 240 na 244, sikio husikia mlio unaovimba na kunywea mara 4 kila sekunde. Wapigaji huwahi kubandika karatasi ya gundi juu kuunyamazisha, ilhali ugonjwa huenda uko chini.

Ili kujua uliko, bonyeza kiganja juu ya ngozi ya chini na kuipiga ya juu. Mvumo ukikoma, tatizo ni la chini. Igeuze dramu, gonga kwa kidole karibu na kila skrubu, na kuzikaza kwa kukabiliana, robo mzunguko kila mara, hata sauti zilingane. Shule isiyo na dramu yaweza kutumia kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili na kufungwa plastiki nyembamba kwa mipira. Nyunyiza sukari juu ya plastiki moja, uinue kopo, na uigonge ile ya chini: sukari itaruka.