Hapa umiliki ndiyo bao lenyewe

Shabiki wa soka akiambiwa timu yake imemiliki mpira kwa asilimia 70 halafu imelala 1-0, anasonya tu. Umiliki haulipi. Lakini kwenye Hardpoint, moja ya aina za mechi ndani ya gemu la Call of Duty, umiliki ndiyo bao.

Hardpoint ilikuja mwaka 2012 kwenye toleo la Black Ops II, na ndiyo inayofungua pambano kwenye Call of Duty League, ligi ya kulipwa iliyoanza 2020. Wanaingia wanne kwa wanne. Kwenye ramani kuna eneo moja dogo, pengine chumba tu, na timu inayolikalia peke yake inavuna pointi moja kila sekunde. Wa kwanza kufika 250 kashinda. Wakiwemo wa timu zote mbili ndani, hakuna anayepata kitu.

Eneo hilo linadumu sekunde 60, kisha linahamia kwingine kwa mpangilio ambao wachezaji wanaujua kwa kichwa. Piga hesabu: hata ukikalia maeneo manne mfululizo bila kuguswa, una 240. Lazima uhame.

Hapo ndipo wageni wanapopotea. Wanakimbiza idadi ya waliowaua, wakati kuua hakuna pointi hata moja. Unakuta jamaa kaongoza kwa kuua, timu yake imechapwa. Ni sawa na straika wa mabao 20 aliyeshuka daraja.

Wajanja wanaondoka mapema, eneo likiwa bado na sekunde kama 15. Ukitazama kwa mara ya kwanza utadhani wamekimbia vita. Kumbe wanawahi lijalo. Aliyeuawa anarudi mchezoni baada ya muda mfupi, na mara nyingi gemu humrudisha karibu na wenzake, mbali na adui. Kwa hiyo kuna mmoja anayesimama nyuma, pengine bila kufyatua risasi, ili wenzake wazaliwe karibu na eneo linalofuata. Kazi ya kiungo mkabaji hiyo, haina makofi.

Chukua timu inaongoza 238 kwa 221, eneo lina sekunde 15. Ikikaa peke yake sekunde 12, mchezo umekwisha. Wapinzani wanamtupa mtu mmoja ndani, afe akitaka, ila kwanza agandishe pointi. Anavumilia sekunde nane. Walioongoza wanaambulia saba, wamefika 245.

Wakati wote huo wapinzani watatu walishaondoka. Eneo jipya linafunguka, wamo ndani, bunduki zinatazama mlangoni. Wao wanahitaji sekunde 29. Walioongoza wanahitaji tano tu, lakini ndio wanaotoka mbali.