Uzao wa Kifalme na Daraja ya Uaskofu: Aloys Bigirumwami wa Gisaka (1904–1986)

Mwaka 1952 hukumbukwa nchini Tanzania kwa kuwekwa wakfu kwa Askofu Laurean Rugambwa. Kabla ya miezi minne kutimia, tarehe 1 Juni, ng'ambo ya mto Kagera, Aloys Bigirumwami naye aliwekwa wakfu huko Kabgayi, akawa askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji. Tofauti na maaskofu wengi wa kizazi chake, huyu alikuwa mzawa wa nyumba ya kifalme.

Nyumba yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imekwisha poteza kiti. Ufalme wa Gisaka, uliotawaliwa na ukoo wa Wagesera, ulimezwa na Rwanda katikati ya karne ya 19. Bigirumwami alizaliwa Zaza mwaka 1904, miaka minne tu baada ya Mapadri Weupe kufungua misheni hapo. Utotoni mwake nchi hiyo ilibadilisha mabwana mara kadhaa: Wajerumani, Wabelgiji, kisha Waingereza walioiunganisha na Tanganyika kwa muda mfupi hadi mwisho wa 1923, wakitafuta njia ya reli. Kwa hiyo kumwita “mwana wa mfalme” bila maelezo ni kupotosha. Alirithi heshima ya jina, si mamlaka. Upadri, alioupata mwaka 1929, ulimpa mamlaka ya namna nyingine.

Jimbo lake lilikuwa Nyundo, karibu na Ziwa Kivu, mbali na Gisaka ya mababu. Hapo ndipo nasaba yake ilipogeuka kuwa mzigo. Mwaka 1956 yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea mikono André Perraudin, Mswisi, kuwa askofu wa Kabgayi. Miaka mitatu baadaye, katika waraka wake wa Kwaresima wa Februari 1959, Perraudin alizungumzia tofauti za kijamii nchini kuwa zimefungamana kwa sehemu kubwa na tofauti za mbari. Bigirumwami alikwisha andika mwaka 1958 akihoji msingi wa mgawanyo huo: kama Mhutu na Mtutsi wameoana kwa vizazi, na maskini wamo pande zote mbili, ni kipimo gani kinachowatenga? Wapinzani wake waliona katika swali hilo utetezi wa watawala. Usomaji huo ni mwembamba mno, kwani nasaba yake mwenyewe ilikuwa na damu ya pande zote mbili, na ukoo wake ulikuwa umeshindwa na watawala haohao.

Kazi iliyomshughulisha zaidi ni lugha. Alianzisha gazeti la watoto, Hobe, mwaka 1954, na akakusanya methali, hadithi, mila na miiko ya Wanyarwanda katika majuzuu ambayo watafiti wa fasihi simulizi wanayatumia hadi leo. Aling'atuka mwaka 1973 na kufariki tarehe 3 Juni 1986.