Maji Ndiyo Adui wa Anayesubu Nyumbani



Mshahara haufikishi mwezi. Wenzetu wengi wakitoka zamu huwasha tanuri uani, wakayeyusha alumini ya chakavu na kusubu sufuria, miiko na puli za mashine za kusaga. Katwe kule Kampala na Gikomba kule Nairobi, kazi za namna hii zimelisha nyumba nyingi. Hatuikatazi. Ila kiwandani kuna sheria na fidia; ukiungulia uani kwako, hakuna mwajiri wa kumdai.

Watu huogopa moto, nao moto unaonekana. Kinachovizia ni maji. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, maji huchemka kwenye 100. Tone likifunikwa na alumini ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji yenyewe. Ukikosa njia huirusha alumini juu, usoni mwa aliyeinama.

Tuanze na mchanga wa kalibu. Lazima uwe na unyevu kidogo, la sivyo haushikani. Fundi huupima kwa ngumi: fumbata konzi moja, kisha fungua mkono. Donge libaki na alama za vidole, na ukilivunja livunjike safi bila kumomonyoka. Kiganja kikilowa, uanike tena, hata kama mteja anangoja. Ukishaushindilia katika fremu zote mbili, utoboe kwa spoki ya baiskeli, matundu mengi membamba, mvuke upate pa kutokea.

Chakavu nacho huficha maji. Kopo la soda hubaki na matone. Lipange pamoja na pistoni ukingoni mwa tanuri vikauke kabisa, ndipo uvitie katika chungu chenye alumini iliyokwisha kuyeyuka. Chombo kilichozibwa kisitiwe kamwe. Hata upawa wa kuondolea makapi upashwe moto kwanza, maana chuma baridi hushika unyevu usioonekana kwa jicho.

Usimiminie juu ya sakafu ya saruji. Saruji ina maji ndani hata ikionekana kavu; alumini ikimwagikia hapo, sakafu hupasuka na kurusha vipande. Tandaza mchanga mkavu, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu ya kuzimia. Ndoo ya maji ikae mbali. Hiyo ni ya mtu aliyeungua, amwagiwe maji safi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Mvua ikitishia na huna paa, ahirisha.

Vijana humimina kifua wazi na ndala miguuni, eti joto. Mimi sipendi hata kuwatazama. Gambuti nazo hupokea alumini kwa juu na kuifungia mguuni. Vaa viatu vya ngozi, suruali ya pamba ifunike kiatu, na miwani.

Betri za gari ziacheni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hata jiko la mkaa laiweza, ndiyo maana wengi hujaribu. Vumbi lake hubaki ardhini watoto wanapochezea. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi jirani na nyumba za watu mwaka 2007, na watoto wakakutwa na risasi damuni. Betri iuzwe nzima, bila kupasuliwa nyumbani.