Maumivu ya hedhi na bakteria wa tumboni

BUSIA. Mwanamke anayevusha nyanya au mitumba mpakani hana nafasi ya kulala siku tatu kila mwezi. Hedhi ikimbana, hununua vidonge na kuendelea na safari. Wakati mwingine ni antibayotiki, zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Kwa baadhi yao, maumivu hayo ni dalili ya endometriosisi: tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Wengi huambiwa ni mambo ya kike, miaka ikapita.

Sasa watafiti wanatazama tumboni. Ini huifunga homoni ya estrojeni iliyokwisha kazi na kuipeleka utumboni kupitia nyongo, itoke na choo. Baadhi ya bakteria wa humo wana kimeng'enya kinachoifungua tena, nayo ikarudi kwenye damu. Estrojeni ndiyo huchochea endometriosisi. Mwaka 2011, Claudia Plottel na Martin Blaser wa New York walizipa jeni za bakteria wanaoshughulikia homoni hiyo jina la pamoja: estroboloma.

Mwaka 2019, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, panya waliopandikizwa ugonjwa huo walipewa metronidazo, na vivimbe vikawa vidogo. Walipopewa kinyesi cha panya wagonjwa, vivimbe vilikua tena.

Metronidazo ni dawa ileile inayojulikana madukani kwa kuharisha, na hapo ndipo penye hatari. Hao walikuwa panya. Kumeza antibayotiki ovyo huua pia bakteria wenye faida, na kuwafanya wabaya kuwa sugu. Zile poda za "kusafisha kizazi" zinazovushwa kwenye mikoba hazijathibitishwa kutibu endometriosisi, hata anayeziuza akiapa. Mtindi, kunde na mboga za majani ni chakula kizuri cha utumbo; tiba si hiyo.

Anayeumia hadi kushindwa kufanya kazi, anayepata maumivu akienda haja au wakati wa tendo la ndoa, au anayechelewa kushika mimba, aombe kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake. Aandike tarehe za maumivu. Na kwa kuwa leo yuko Kenya na kesho Uganda, karatasi za vipimo zikae pamoja na pasi yake, daktari wa upande wa pili asianze upya.