Makohozi yamepimwa, TB haijaonekana, lakini kikohozi hakiishi: Kuna nini?

Chukua mfano wa mkulima wa Ukata, wilayani Mbinga. Anakohoa mwezi wa pili sasa. Usiku analowa jasho, nguo zimempwaya, jembe limekuwa zito. Anapeleka makohozi kupimwa, majibu yanarudi: hasi. Anashukuru Mungu, anarudi nyumbani na kuendelea kukohoa kwenye chumba anacholala na wanawe.

Hali hii inaweza kumkuta yeyote, awe juu milimani Umatengo au kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Liuli na Lituhi. Tatizo ni jinsi neno 'hasi' linavyoeleweka. Maana yake ni kwamba vimelea vya kifua kikuu havikuonekana kwenye sampuli ile. Bado vinaweza kuwepo kwenye mapafu.

Kwa nini havionekani?

Darubini ina mipaka yake. Ili mtaalamu avione vimelea, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe navyo kati ya 5,000 na 10,000 hivi. Vikiwa pungufu, vinampita.

Sababu nyingine ni sampuli yenyewe. Wengi hutema mate badala ya makohozi. Makohozi mazuri hutoka ndani ya kifua: vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kwa nguvu. Ya asubuhi, mara tu baada ya kuamka, ndiyo bora. Koholea nje, mbali na watu.

Wenye VVU wako kwenye hatari ya kukosewa zaidi. Kinga ikiwa dhaifu, mara nyingi TB haichimbi mashimo kwenye mapafu, na mashimo hayo ndiyo humwaga vimelea vingi kwenye makohozi. Hivyo mgonjwa anaweza kuwa hoi na kipimo kisionyeshe kitu. Watoto wadogo nao humeza makohozi badala ya kuyatema.

Ushahidi wa panya wa Morogoro

Kwamba kipimo kinaweza kukosea limeonekana hapa hapa Tanzania. Mjini Morogoro, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha panya buku kunusa makohozi yaliyokwishapimwa kwenye vituo vya afya. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Sampuli anayoitilia shaka hurudiwa maabara. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao awali waliambiwa hawana TB.

Hatua zinazofuata

Kwanza, uliza makohozi yalipimwa kwa njia gani. Kama ni darubini, omba yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea na kutoa majibu ndani ya saa 2. Toleo lake jipya, Ultra, hunasa hata vimelea wasiofika 20 kwenye mililita moja.

Pili, picha ya kifua, yaani eksirei. Huonyesha madoa na mashimo, ingawa peke yake haithibitishi TB, kwa sababu kovu la zamani au nimonia vinaweza kufanana nayo.

Tatu, kupima VVU. Kwa mwenye VVU kipo pia kipimo cha mkojo kinachotafuta mabaki ya vimelea. Kwa mtoto, hata choo kinaweza kupimwa kwa GeneXpert.

Nne, kuotesha vimelea maabara. Ni kipimo makini, lakini majibu huchukua wiki kadhaa.

Vyote hivi vikishindwa kutoa jibu, daktari ana ruhusa ya kuanzisha dawa kwa kuangalia dalili, picha na historia ya mgonjwa, kwa mfano kama nyumbani kuna aliyeugua TB. Kusubiri karatasi iandikwe 'chanya' kunaweza kugharimu maisha.

Tahadhari

Si kila kikohozi sugu ni TB. Pumu, saratani ya mapafu, ugonjwa wa moyo na vumbi la migodini pia hukohoza. Ndiyo maana uchunguzi lazima uendelee.

Usikimbilie 'sipro' ya duka la dawa. Dawa za kundi hilo zinaweza kuilegeza TB kwa muda, ukajiona umepona, na vipimo vikazidi kukosea.

Dawa za TB hutolewa bure nchini na kawaida humezwa kwa miezi 6. Asiyeonyesha vimelea kwenye darubini anaweza kuambukiza wengine, ingawa kwa kiwango kidogo.

Kutoka Ukata hadi Mbinga mjini, hasa kipindi cha mvua, si safari ndogo. Lakini kama wiki 2 zimepita tangu uambiwe 'hasi' na bado unakohoa, unapungua uzito au unatoka jasho usiku, rudi. Mwambie mhudumu: "Nilipimwa, haikuonekana, na bado naumwa."