John Gilbert: sauti ilisingiziwa, kosa lilikuwa kwa maneno

Zamani filamu hazikuwa na sauti. Mchezaji alisema kwa macho na mikono, maandishi mafupi yakatokea kati ya picha, na mpiga piano akacheza palepale ukumbini. Wakati ule, kule Hollywood, Marekani, John Gilbert alikuwa nyota mkubwa. Mwaka 1926 alicheza na Greta Garbo katika Flesh and the Devil, na baadaye kampuni ya MGM ikampa mkataba wa dola 250.000 kwa kila filamu.

Halafu sauti ikaingia. Mwaka 1929 ikatoka His Glorious Night. Humo Gilbert anamwambia bibi mmoja kwamba anampenda, anarudilia tena na tena. Watu wakacheka. Uvumi ukaenea eti ana sauti nyembamba.

Kumbe sivyo. Filamu zake zilizofuata zipo hadi leo, na anayezisikiliza anasikia sauti ya kawaida ya mwanaume. Kilichomwangusha ni maneno aliyoandikiwa. Mapenzi ambayo macho yake yalionyesha kimya kimya, sasa yalitamkwa yote kwa mdomo, yakawa kichekesho.

Garbo alimtaka katika Queen Christina ya 1933, lakini jina halikuinuka tena. Pombe ilimzidi, akafa Januari 1936, hajafika miaka 40.

Hata redioni ni hivyo: anayesikika ndiye anayechekwa, hata kama karatasi iliandikwa na mwingine.