Ada ya Machi, Kahawa ya Juni

Makala ya pili katika mfululizo wa elimu ya juu na mfuko wa mkulima

Mzee mmoja wa Mapera, Mbinga, ambaye mwanawe wa pili anasomea stashahada, alinionyesha daftari lake la kahawa. Ni daftari la shule la kawaida, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ukurasa wa kushoto ameandika kilo alizopeleka AMCOS, chama chao cha ushirika, wa kulia ameandika ada. Kushoto tarehe zote ni za Juni, Julai, Agosti na siku chache za Septemba. Kulia kuna Oktoba, kuna Novemba, na kuna Machi. Hiyo Machi ameipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

“Mwalimu,” akaniambia, “Oktoba huwa nasimama. Machi ndiyo hunilaza.”

Asiyeijua Mbinga hana budi kuelezwa kwanza neno magoma. Magoma ni kuuza kahawa ingali mbichi mtini. Mwenye shida huchukua fedha Februari au Machi, kisha hulipa kwa kilo wakati wa mavuno, na bei ni ya mwenye fedha. Viongozi wamelikemea jambo hili miaka nenda miaka rudi, lakini haliishi, kwa sababu chuo hudai ada ya muhula wa pili wakati kahawa ya milima yetu ya Umatengo bado miezi mitatu iive. Miezi hiyo mitatu ndiyo riba yenyewe. Ada iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ni moja kwa wote, ila kwa mtoto wa mshahara hukatwa mwezi kwa mwezi, na kwa mtoto wa Mapera hukatwa kwenye kahawa ambayo haijaiva.

Ndiyo maana naona mjadala wetu wa ada unaanzia pabaya. Kila bajeti inaposomwa tunauliza ada imepanda au imeshuka kiasi gani. Mimi nauliza mabadiliko hayo yamemkuta mwanafunzi kwenye kipago gani cha ngazi. Mtoto anayepanda kutoka stashahada kwenda shahada huumizwa zaidi pale vipago viwili vinapoungana, kwa sababu hapo hakuna aliyefunga kamba.

Tuitazame ngazi yenyewe. Aliyemaliza kidato cha nne ana njia mbili za kufika shahada. Ya kwanza ni kidato cha tano na sita, miaka miwili. Ya pili ni chuo cha kati: astashahada kwanza, halafu stashahada, kwa kawaida miaka mitatu, na akipata GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba chuo kikuu. Njia hii ya pili huchaguliwa sana na wazazi wa huku, nao wana sababu. Mtoto akikwama katikati anabaki na ujuzi wa uuguzi, ufundi au kilimo, na mkono wake unaweza kumlisha. Aliyekwama na cheti cha kidato cha sita tu hana cha kushika.

Tarehe 14 Juni 2022, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alilitangazia Bunge kwamba ada ya kidato cha tano na sita inafutwa. Ilikuwa habari njema, na sitaipunguzia uzito. Lakini ada iliyofutwa kwa mwanafunzi wa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Mwenzake aliyekwenda chuo cha kati siku hiyohiyo akabaki na ada yake yote, ambayo ni mara nyingi ya hiyo. Wanaweza kukutana darasa moja la mwaka wa kwanza wa shahada, wakalipa ada ileile, huku mmoja akifika na mfuko wa nyumbani mzima na mwingine wa kwao umekwisha kukamuliwa miaka mitatu.

Mwaka uliofuata Serikali ililigusa pengo hilo. Katika bajeti ya 2023/24 ilipendekezwa kufuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, MUST na ATC, yaani Dar es Salaam, Mbeya na Arusha. Mikopo nayo ikafunguliwa kwa stashahada za fani zilizochaguliwa, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Ni hatua ya kweli. Lakini aliyeanza mwaka mmoja nyuma alishalipa, na anayesomea fani isiyo kwenye orodha bado analipa.

Wazee wa Mapera wanaijua tangu zamani hali hii ya kukutwa na mabadiliko wakati mbaya. Sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilitangazwa mwaka 1988 na utekelezaji ukaanza 1992/93. Katikati hapo, Julai 1989, nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilivunja utaratibu wa kugawana viwango vya mauzo, na bei ikaporomoka duniani. Miaka ya tisini haikwisha kabla MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, hakijaanguka. Yaani mzazi alianza kudaiwa mchango wakati uleule alioanza kukosa wa kumlipa. Wapangaji wa ada na wapangaji wa bei ya kahawa hawakuwa chumba kimoja. Mkulima peke yake ndiye aliyekuwa na karatasi zote mbili.

Sasa njoo kwenye mkopo wa shahada. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, na imewafikisha wengi. Lakini soma masharti yake kwa macho ya mhitimu wa stashahada. Anatakiwa awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita. Asiwe amezidi umri wa miaka 35. Asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Yachukue pamoja uone yanamfanyia nini muuguzi kijana anayetaka kufanya kazi miaka miwili Liuli au Mbamba Bay, aweke akiba, kisha arudi darasani. Akipata ajira anapoteza sifa ya mkopo. Akiiacha ajira ili aupate, anaacha mshahara uliokuwa ukimsomesha mdogo wake. Na kama stashahada aliisoma kwa mkopo, deni linamsubiri kwenye ajira: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016.

Uingereza nayo ilikutana na swali la mwanafunzi anayekutwa na mabadiliko katikati ya ngazi. Tangu 2001 wana shahada ya msingi ya miaka miwili, ambayo mtu huimalizia kwa mwaka mmoja au zaidi apate shahada kamili. Mwaka 2012 ukomo wa ada uliruka kutoka pauni 3,375 hadi pauni 9,000. Swali likawa: aliyeanza shahada ya msingi kabla ya hapo, akavuka kwenda shahada kamili baada ya hapo, alipe ipi? Jibu lilikuwa kwamba aliyeunganisha moja kwa moja bila kupumzika ahesabiwe yuko kwenye safari ileile, abaki na masharti ya zamani. Aliyepumzika mwaka mmoja alirudi akakuta bei mpya. Haki hiyo haikukamilika, maana wanaopumzika mara nyingi ndio wasio na kitu. Hata hivyo kuna wazo ndani yake tunaloweza kulichukua: safari ya mwanafunzi ihesabiwe moja, hata kama vyeti ni viwili.

Kwetu Umatengo wazo hilo si geni. Katika sengu, wanaume wa ukoo wakila pamoja nyumbani kwa babu, jambo kubwa lilipangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyechangia nusu ya mahari bila kujua nusu ya pili itatoka wapi. Basi chuo kinachompokea kijana wa stashahada kimtajie mzazi ada ya miaka yote, isibadilike mpaka amalize. Bodi imruhusu aliyefanya kazi kwa mshahara mdogo aombe kama wengine. Na vyuo vinavyopokea watoto wa kahawa viruhusu malipo ya Machi yasogezwe mpaka Julai, kwa barua ya AMCOS. Kati ya hayo yote, hili la mwisho halihitaji fedha hata senti moja kutoka Hazina.

Mzee alifunua ukurasa wa mwisho wa daftari. Juu alikuwa ameandika SHAHADA, na chini yake mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulijaza pamoja tunavyovijua: ombi la mkopo 30,000, ada ya uhakiki wa ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) 20,000 kila mwaka, nauli ya basi kutoka Mbinga. Kwenye mstari wa ada ya chuo ya mwaka wa tatu aliishika kalamu kwa muda, akaniangalia, kisha akaufunika ukurasa bila kuandika kitu.